Mkono Mmoja wa Akiba

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu. Fundi Mkuu wa karakana ya boti, Mmatumbi mrefu wa vilimani ambaye mpaka anastaafu hakujua kuogelea, alinitazama miguuni akasema, "Weye Mndengereko wa Mbwara, viatu vya ngozi unavipeleka wapi? Huku tope ndiyo ofisi." Nikavua. Nilikuwa na cheti cha ufundi wa injini na shati jeupe lililopigwa pasi, na nilidhani nimeajiriwa kufanya kazi juu ya benchi. Kufika saa nne nilikuwa nimezama magotini, nimebeba kichwa cha injini ambayo yeye alikuwa akiilaani kwa Kimatumbi.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Mwajiri wangu sitamtaja. Tumevumiliana vya kutosha. Itoshe kusema kulikuwa na kituo cha boti, makao yake Kibiti, na boti zetu zilipeleka chanjo, wauguzi na wagonjwa katika vijiji vya delta ambako gari halifiki. Vijana wa ufundi waliopo sasa wameniomba niwaeleze kazi ilivyokuwa enzi zangu. Nitawaeleza, ila wasitegemee majivuno. Nimechoka. Injini nimefungua nyingi, na hakuna iliyonichosha kama kazi moja ndogo ya asubuhi moja, ya kufunga chatiplota na kipima kina kwenye boti ndogo ya mpira. Niliifunga vizuri. Kisha nikaiharibu kwa mkono wangu, na mtoto akafa, na lawama zikaenda kwa watu wasiohusika. Nataka ieleweke ilivyotokea.

Baada ya mwaka mmoja karakanani, Fundi Mkuu alinipeleka Kiongoroni, karibu na bahari, nikakae kwenye kibanda cha matengenezo chini ya Nahodha Athumani. Huyu alikuwa mzaliwa wa hapo hapo, mfupi, mpole, mwenye sauti ambayo hukuisikia mpaka umsogelee. Boti yetu ilikuwa ya mbao, nzito, na kina tulikipima kwa upondo, ule mti mrefu wa mkoko wa kusukumia chombo, ambao tuliukata alama kila mkono mmoja, yaani kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, kama nusu mita hivi. Mtu mmoja husimama omo, mbele kabisa, anachovya upondo na kutaja mikono. Nahodha yuko nyuma kwenye usukani, anasikiliza na kuamua.

Siku ya kwanza niliyoshika upondo nilipima kwa uangalifu wa mtu aliyetoka shule. Tulikuwa tunaingia kwenye mdomo wa mto na boti imesheheni. Nikataja, "Mikono miwili!" Nahodha hakupunguza mwendo, na pale pale tukapanda tope, tukakwama hadi maji yaliporudi.

Hakunigombeza. Alitoa tumbaku yake, akaniuliza, "Ulisema miwili?"

"Ndiyo, Nahodha. Ilikuwa miwili."

"Miwili mitupu?"

"Mitupu."

Akatikisa kichwa kwa huruma, kama unavyomtikisia mtu aliyefika mjini jana. "Mwanangu, mtu hampi mwenzake maji yote."

Ndipo nikafundishwa. Anayepima hupunguza mkono mmoja. Akiona mitatu hutaja miwili. Mkono unaobaki ni akiba, kwa ajili ya wimbi, kwa ajili ya tope lililohama jana, kwa ajili ya macho ya binadamu. Nahodha anajua kwamba mkono umefichwa, na akibanwa kweli kweli anaurudisha kichwani mwake na kupita. Hakuna aliyeutaja mkono huo, kama vile mwenye nyumba asivyotangaza kwamba kuna kibaba cha mchele kimebaki. Niliuliza kwa nini tusiseme kweli tu tangu mwanzo. Nahodha Athumani akanijibu, "Siku utakayokosea kupima, huo ndio utakaotuokoa." Niliishi na utaratibu huo miaka mingi, nikauona una akili, na hata leo sisemi kwamba hauna.

Kutoka Kiongoroni nilirudishwa Kibiti, nikawa fundi mwandamizi. Fundi Mkuu alistaafu akarudi vilimani kwao, mbali na maji, kama alivyoahidi. Tukaletewa Mkuu wa Kituo, msomi, mtu wa fomu. Kila kitu kilikuwa na fomu, hata kuazima bisibisi. Sikumchukia. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri fomu zinavyoruhusu, na chini yake, kwa mara ya kwanza, spea zilifika kabla injini haijasahaulika.

Ni wakati wake tulipopata boti ya mpira. Ilikuwa ndogo, mirija miwili ya upepo pembeni, sakafu ya alumini, ubao wa plaiwudi nyuma wa kubebea injini. Ilipewa kituo chetu kidogo cha Nyamisati, ambako barabara inakutana na maji, na ikakabidhiwa kwa Nahodha Athumani, ambaye wakati huo ndevu zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe. Ilikuwa nyepesi, ilikwenda mbio, na ilipita pembamba ambapo boti ya mbao ilishindwa. Mhandisi wa Kanda akatoka Dar es Salaam na katoni mkononi. Ndani yake mlikuwa na chatiplota, sisi tukaiita plota tu. Ni kioo kama cha simu kubwa kinachochukua habari kwenye setilaiti na kukuonesha ulipo juu ya ramani ya maji. Pamoja nayo kulikuwa na kipima kina, kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, ambacho hukaa chini ya maji nyuma ya boti, hutuma sauti chini, husikiliza inavyorudi, na kwa muda iliotumia hujua kina. Namba inatokea kwenye kioo.

"Fundi," Mhandisi aliniambia, "mimi nina neno moja tu. Usitoboe mpira."

"Nitauendea kwa udhu," nikamwambia.

Boti ya mpira haina mahali pa kushikiza kitu. Ya mbao unapiga msumari, ya faiba unatoboa na kukaza bolti. Mpira ukiutoboa umejitoboa mwenyewe. Pagumu palikuwa pawili tu, kiti cha nahodha na ule ubao wa nyuma. Plota niliitengenezea mguu wa bomba la alumini nikaufunga kwenye kiti kwa bolti nne. Kipima kina sikukitoboa mara moja. Nilikibandika kwanza kwa utepe, tukaingiza boti majini, nikatazama namba kwenye mwendo wa pole na wa kasi. Kikikaa karibu na panga la injini, povu linakiziba masikio na namba inarukaruka kama bei sokoni. Kikikaa juu sana, boti ikiinuka kinabaki hewani. Nilikihamisha mara tano. Nilipopata pahali pake nikatoboa ubao kwa keekee nyembamba, nikajaza tundu gundi ya baharini kabla sijaingiza skrubu, maana plaiwudi ikinywa maji huoza kwa ndani huku nje inang'aa.

Waya niliupitisha peke yake hadi kwenye betri, na fyuzi yake, mbali na nyaya za injini zisije zikaingiza kelele. Na hapa, vijana, shikeni jambo moja ambalo halimo kwenye kitabu cha maelekezo: boti ya mpira inapumua. Ikipanda wimbi inajikunja, ikishuka inajinyoosha. Waya ukiuvuta ukakaza, utakatika ndani ya mwezi. Uachie mzingo wa kutosha kila kona.

Nilipomaliza nilichukua upondo nikapima mahali patatu, nikalinganisha na kioo. Namba zililingana. Sijawahi kufunga kitu kikasema kweli namna ile, na nakiri nilijisikia vizuri.

Mwezi ule ule Nahodha Athumani alikwama mara tatu.

Mara ya kwanza tukasema ni bahati mbaya. Mara ya pili panga likapinda. Mara ya tatu Mkuu wa Kituo aliniita ofisini na fomu tatu mezani. "Fundi, mtambo wako unapima au unabashiri?" Nikateremka Nyamisati. Nikaingia botini na Nahodha, tukaenda mpaka alipokwama.

"Hapa kioo kilisema nini?" nikamuuliza.

"Nukta nne."

"Sasa nukta nne ya mita si hata mkono mmoja kamili, Nahodha. Mbona ulipita?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Huyu aliyetengeneza mashine hii, ni mtu wa bahari?"

"Nadhani. Bila shaka ni mtu wa bahari."

"Basi na yeye ameweka mkono wake. Mtu wa bahari hampi mwenzake maji yote."

Nilimweleza. Nilimweleza siku ile, nikamweleza wiki iliyofuata, nikamchorea hata picha. Aliitikia kila neno, tena kwa adabu, kisha akaenda akakwama. Mazoea ya miaka arobaini hayang'oki kwa semina. Mkuu wa Kituo akaanza kusema kwamba pengine Mzee amechoka, pengine umefika wakati wa kumpumzisha. Niliposikia hivyo moyo uliniuma. Yule ndiye aliyenifundisha maji. Nisingekubali aondolewe kwa fedheha na kidude nilichokifunga mimi.

Sasa, ndani ya plota kuna ukurasa wa mipangilio, na ndani yake kuna nafasi ya kuandika tofauti ya kina. Kazi yake ni halali. Kama kipima kina kimefungwa chini sana au juu sana, unaiambia plota iongeze au itoe kidogo, ili namba ilingane na hali halisi. Mimi niliingia pale nikaandika itoe nusu mita. Mkono mmoja. Nikafunga ukurasa.

Nahodha Athumani hakukwama tena. Kioo kikisema nukta nne, yeye akirudisha mkono wake moyoni, anapata nukta tisa, na kweli zipo nukta tisa. Wiki chache baadaye aliniambia, "Nilikwambia, mkono umo." Akacheka. Nami nikacheka. Sikumwambia yeye wala mtu mwingine. Niliona nimefanya hisani, tena ya kistaarabu, isiyomdhalilisha mtu.

Upondo nao ukaondolewa. Mhandisi wa Kanda aliona ncha yake imepasuka vibanzi, akasema utatoboa mirija. Nilikubaliana naye, tena saini iliyouondoa ni yangu.

Miaka miwili baadaye nilipandishwa cheo, nikapewa majenereta na majokofu ya chanjo ya vituo vyote. Siku ya makabidhiano nilijaza fomu ya Mkuu wa Kituo. Kulikuwa na mstari unaouliza: mabadiliko yaliyofanywa kwenye mipangilio ya mtambo. Niliukalia mstari ule muda. Ningeandika nini? Kwamba nimeufundisha mtambo kusema uongo ili mzee wa watu asiaibike? Nikaandika "Hakuna".

Baada ya hapo miguu ya Nahodha Athumani ikafa ganzi, akapumzika, na akafariki kwake, Mwenyezi Mungu amrehemu. Akaja Nahodha Yasini, kijana wa chuo, makini, anayesoma kitabu cha maelekezo mpaka kurasa za mwisho. Mkuu wa Kituo akatoa agizo la maandishi: boti ikiwa na mgonjwa, kioo kikionesha chini ya nusu mita, isimame. Niliposikia habari za nahodha mpya nilikumbuka ile nusu mita yangu. Nilikumbuka vizuri kabisa. Nikasema nitateremka Jumatatu. Jumatatu jokofu la chanjo la kituo kimoja likazima, nikalikimbilia. Jumatatu iliyofuata mgongo ulikuwa umenishika. Ya tatu sikumbuki kilichokuwepo. Sikuwa mvivu, nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka huanza kuacha yale ambayo hakuna anayemdai.

Mama mmoja wa Kiongoroni, Zuhura, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya tatu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Muuguzi wa zahanati akapiga simu, Yasini akaenda na boti ya mpira, wakatoka Kiongoroni adhuhuri. Ndani mlikuwa na Zuhura, muuguzi, na mavyaa yake Zuhura, yaani mama wa mumewe. Gari la wagonjwa lilikuwa linawangoja Nyamisati. Maji yalikuwa yanapwa. Kabla ya kufika kuna fungu, tope lililolala chini ya maji kutoka ukingo hadi ukingo, na lazima ulivuke. Boti ilipolikaribia, kioo kikasema nukta nne, kengele ikalia. Yasini akarudi nyuma hadi kwenye kina. Akajaribu upande wa pili. Nukta nne. Upondo hakuwa nao. Kuteremka mtu asukume haiwezekani, tope la pale humeza mtu hadi kiunoni. Agizo lilikuwa limebandikwa mbele ya macho yake. Akasimama kusubiri maji yapwe yaishe, yageuke, yajae. Walisubiri hadi alasiri imekwisha.

Kweli ni kwamba pale palikuwa na nukta tisa, karibu mikono miwili, na boti ile ikiinuliwa injini inapita kwa mkono mmoja na kidogo. Kwa nusu saa nyingine wangekuwa Nyamisati. Mtoto alizaliwa pale pale botini, wa kiume, na hakulia. Mama alifika Kibiti akiwa hai.

Mkuu wa Kituo aliagiza plota iletwe mezani kwangu ikaguliwe. Yeye mwenyewe alisimama nyuma yangu, na Yasini amesimama mlangoni. Niliwasha. Nikafungua ukurasa wa mipangilio. Ile nusu mita ilikuwa pale, kama nilivyoiacha, na alama yake ya kutoa.

"Mzima au mbovu?" akauliza Mkuu.

"Mzima," nikasema.

Haukuwa uongo. Mtambo ulikuwa unafanya kila kitu nilichouagiza. Nikaandika hivyo kwenye fomu.

Yasini akasema polepole, "Fundi, mimi nilifuata namba."

"Najua," nikamjibu. Ndilo neno pekee nililompa.

Aliachishwa kazi wiki ile, kwa sababu ya hofu na kushindwa kuamua. Ndivyo ilivyoandikwa. Mimi nilirudi nyumbani, nikaweka chakula mbele yangu, nikakitazama. Mke wangu aliniuliza kama naumwa, nikasema ndiyo. Nilikaa siku tisa. Siku ya kumi niliingia ofisini kwa Mkuu wa Kituo, nikafunga mlango, nikamweleza yote, tangu upondo wa Kiongoroni hadi ile "Hakuna" ya makabidhiano.

Alizipanga fomu zilizokuwa mezani. Kisha akavua miwani. "Fundi, umebakiza miezi mitatu ustaafu. Umeandika mzima, na ni mzima. Faili limefungwa. Unataka nifukue nini?"

"Kijana amebeba mzigo wangu."

"Kijana atapata kazi kwingine. Ni kijana."

Niliandika barua hata hivyo, nikaisaini, na kwa kuwa alikuwa mtu wa fomu hakuweza kuikataa. Aliigonga mhuri akaitia kwenye faili. Nikampigia Yasini nikamsomea yote kwenye simu. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Nitumie nakala." Nilimtumia. Hakunishukuru, na hakuwa na sababu ya kunishukuru. Kisha nikashuka Nyamisati, nikafuta ile nusu mita, nikapima kwa upondo wa kuazima mahali patatu, na chini ya kioo nikabandika karatasi: Namba hii ni kamili.

Niliagwa kwa soda na biskuti. Mkuu wa Kituo alisoma hotuba, akasema nimetumikia kwa uaminifu, na hakunitazama aliposema hivyo. Sasa nalima Mbwara, mihogo na ufuta kidogo. Magoti yamekwisha. Vijana wakija kuniuliza siri ya kazi nawaambia hakuna siri, na ikiwepo iandikeni. Ukibadilisha kitu kidogo namna gani ndani ya mtambo, kiandike kwa kalamu, mahali ambapo mtu usiyemjua atakisoma. Akiba ya mkono mmoja ilikuwa salama ilipokuwa imekaa kati ya watu wawili wanaojuana. Mimi niliichukua nikaiweka kwenye mashine, ambako aliyekuja nyuma yangu hakujua kuna kitu cha kurudisha. Nahodha Athumani hakukosea. Yasini hakukosea. Nimelizungusha jambo hili kichwani kila upande, na kila upande linanirudia mimi.

Lakini kulikuwa na mtu ambaye sikuwa nimemwambia. Nilijipa sababu zote. Ameshazika, nikasema, kwa nini nikamtoneshe? Ameshaambiwa ni kudra, na kudra ni kweli. Mwaka uliofuata sababu zikaniishia. Nikapanda basi, nikapanda boti ya abiria, nikafika Kiongoroni nikiwa nimelowa na kukakamaa mgongo, nikaulizia nyumba ya Zuhura.

Nilimkuta barazani anachambua mchele kwenye ungo. Mwembamba, kijana kuliko nilivyofikiri. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia, akanitandikia mkeka. Kabla sijakaa vizuri nikaanza kusema, kwa kuogopa kwamba nikikaa vizuri nitaongea habari za mvua. Nilimweleza mimi ni nani. Nikamweleza mkono wa akiba, ambao alikuwa anaujua tangu utotoni, na nusu mita, na fungu.

Mikono yake iliacha kuchambua.

"Kwa hiyo maji yalikuwapo," akasema.

"Yalikuwapo."

"Mikono mingapi?"

"Karibu miwili."

"Tungepita."

"Mngepita, mwanangu. Mngepita."

Alitazama ungo. Nilingoja alie au anifukuze, na lolote kati ya hayo ningeliona ni haki. Badala yake alianza kusema kwa sauti ya chini, haraka, kama anayehesabu.

"Niliwaambia. Niliona mikoko ilivyolowa, nikaona mizizi bado imefunikwa. Nikawaambia maji yapo, twendeni. Nahodha akanionesha kioo. Mavyaa akanambia, kawia ufike, nyamaza, huo ni uchungu unakusemesha. Nikanyamaza. Hapa kijijini wakasema nilichelewa kutoka nyumbani, nilikuwa naanua mpunga wangu juani, mpunga ndio ulioua mtoto. Mume wangu hasemi, lakini hajakanusha. Na miye, baba yangu, tangu siku ile hata mpunga siutandazi tena. Nilianua kweli. Nikaamini."

"Haukuwa mpunga," nikasema.

"Nimesikia."

Akaweka ungo chini. Akageukia ndani ya nyumba, akapaza sauti ambayo sikutegemea imo ndani ya mwili ule. "Mama! Njoo huku. Kuna mgeni."

Mama mtu mzima, yule mavyaa aliyekuwa naye botini, akatoka anajifuta mikono kwa kanga, akanisalimu, akakaa kwenye ukingo wa baraza. Zuhura hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Sema tena, Fundi," akasema. "Yeye naye asikie."

Nikaanza upya.